Ndege Iliyozama na Kimya Kilichowadanganya Watafutaji

Usiku wa kuamkia Juni 1, 2009, ndege ya Air France namba 447, iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilitoweka juu ya Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 228. Haikuomba hata msaada.

Siku chache baadaye vipande vilionekana vikielea, na miili 50 ikaopolewa. Ila visanduku vyeusi vilikuwa vimezama karibu kilomita 4 kwenda chini. Bila hivyo, ndugu wa marehemu wasingejua wapendwa wao walikufaje.

Sasa kule chini tochi haifui dafu na redio haifiki. Kinachosafiri vizuri majini ni sauti. Hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1826, jamaa wawili walikwenda Ziwa Geneva, kila mmoja na mashua yake, wakaachana kwa zaidi ya kilomita 13. Huku kengele ikagongwa chini ya maji na baruti ikawashwa papo hapo. Kule mwenzake akauona mwanga, kisha akasubiri mlio sikio likiwa kwenye bomba lililozamishwa. Hesabu ikatoka: mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi ya sauti hewani.

Mwaka 1914, miaka miwili tu baada ya Titanic kuzama, mvumbuzi mmoja mzaliwa wa Kanada alipiga mlio majini na kunasa mwangwi uliorudi kutoka kwenye mlima wa barafu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, mwanafizikia mmoja Mfaransa akatumia fuwele kutoa sauti isiyosikika kwa sikio, ili kusaka nyambizi. Hapo ndipo ilipoanzia sona.

Turudi Atlantiki. Kisanduku cheusi hufungwa kifaa kinacholia kikiingia majini. Wakati ule vilitengenezwa vilie kwa angalau siku 30. Meli zikavuta vinasa sauti majini hadi Julai 10. Kimya! Watafutaji wakaona kama mtu yeyote angeona: tumepita hapa, hatujasikia kitu, basi hapa hakuna kitu. Wakasogea kwingine. Mwaka 2010 wakarudi na sona, wakahangaika wiki kadhaa. Wapi!

Ndipo wataalamu wa takwimu kutoka Marekani wakauliza swali dogo tu: je, kama vifaa vyote viwili viliharibika ndege ilipogonga maji? Ukiliingiza hilo kwenye hesabu, kile kimya hakithibitishi chochote. Eneo lililokuwa limeshapitiwa na kuachwa likarudi juu ya orodha.

Mwishoni mwa Machi 2011, nyambizi ndogo 3 zinazojiendesha zenyewe zikashushwa huko. Sona zake hutupa mlio kulia na kushoto, kisha hupima mwangwi umechukua muda gani kurudi na una nguvu kiasi gani. Tope laini hurudisha mwangwi hafifu, chuma hurudisha mkali, na kitu kilichoinuka huacha kivuli nyuma yake. Kila mlio ni mstari mmoja tu. Kompyuta huchuja kelele, hupanga mistari mmoja baada ya mwingine, na picha inatokea.

Ilichukua wiki moja hivi. Kwenye sakafu tambarare ya bahari kukaonekana rundo la madoa yanayong'aa. Kamera ikapelekwa: injini, magurudumu, vipande vya bawa. Ilikuwa kilomita 12 hivi tu kutoka mahali pa mwisho ndege ilipojulikana kuwa.

Mei 2011 visanduku vikatolewa, na data ikasomeka. Miili mingine 104 ikapandishwa, familia zikapata wa kuwazika. Ripoti ya mwisho ya 2012 ikaeleza kwamba vipima kasi viliziba kwa barafu kwa muda mfupi, mtambo wa kujiendesha ukajizima, marubani wakachanganyikiwa na ndege ikashindwa kujishikilia hewani. Kanuni za kimataifa nazo zikabadilika: vifaa hivyo sasa vinatakiwa kulia siku 90.

Wale wa 2009 hawakuzembea. Walisikiliza kweli, usiku na mchana. Kosa lilikuwa kudhani kwamba asiyeitika hayupo.