Presha, Mafuta na Jicho la Mgonjwa wa Kisukari

Mgonjwa wa kisukari akiambiwa macho yameanza kuharibika, swali la kwanza huwa lile lile: sukari inasomaje? Swali si baya. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotangazwa 1993, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina ya kwanza ambao retina zao zilikuwa bado nzima walipungukiwa na hatari ya kuugua macho kwa asilimia 76 sukari ilipodhibitiwa kikamilifu. Kosa ni kuishia hapo. Retina huumizwa na hali nzima ya damu na mishipa, na mgawanyo wa kliniki zetu hutufanya tusilione hilo.

Tuutazame mshipa wenyewe. Kapilari za retina ni nyembamba mno, chembe nyekundu hupita humo moja moja kwa kujibana. Kwa nje zimeshikiliwa na seli ziitwazo perisaiti, nazo hufa mapema sukari ikikaa juu kwa miaka. Ukuta uliokosa mhimili hutuna vifundo, huvuja, mwishowe kapilari huziba. Isitoshe, sukari iliyozidi huiondolea mishipa ya retina uwezo wa kujikaza presha inapopanda, kwa hiyo msukumo wote huishia kwenye ukuta ule ule uliokwisha kuchoka. Ukipiga picha ya ndani ya jicho utayaona madoa mekundu ya damu na, kandokando yake, vipande vya manjano vyenye kingo kali. Hayo manjano ni mafuta na protini zilizovuja. Nani ataitazama picha hiyo aseme ni habari ya sukari peke yake?

Ushahidi wa presha ni wa zamani. Katika UKPDS, utafiti wa Uingereza uliotoa matokeo yake 1998, wagonjwa 1,148 wenye kisukari na presha waligawanywa makundi mawili: moja lilifikia wastani wa 144/82, jingine likabaki 154/87. Kwa pengo hilo dogo, kuzidi kwa ugonjwa wa retina kulipungua kwa asilimia 34. Hata hivyo, kushusha zaidi si kupata zaidi. Utafiti wa ACCORD uliposukuma namba ya juu ya presha chini ya 120, macho hayakupata nafuu ya ziada.

Mafuta nayo yana habari ya kushangaza kidogo. Katika ACCORD hiyo hiyo (2010), kati ya waliopewa fenofibreti pamoja na statini, zote dawa za mafuta ya damu, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 6.5 yao, dhidi ya asilimia 10.2 ya wenzao waliokuwa kwenye statini tu. Mwaka 2024 utafiti wa LENS wa Scotland, wenye washiriki 1,151, ulithibitisha faida ya dawa hiyo. Mabadiliko ya vipimo vya mafuta hayatoshi kueleza nafuu yote, kwa hiyo nisingependa mtu aseme tumeshaielewa.

Mwenye kudhani kwamba kuharakisha ni kuponya aitazame semaglutaidi, dawa ya kushusha sukari. Katika utafiti wa SUSTAIN-6 wa 2016, matatizo ya retina yaliwapata asilimia 3.0 ya waliotumia dawa hiyo, dhidi ya 1.8 ya waliopewa dawa bandia, na kushuka kwa ghafla kwa sukari ndiko kunakoshukiwa zaidi. Kwa hiyo jicho likaguliwe kabla ya kuiporomosha sukari.

Kliniki zetu zikoje? Mama amejinyima ugali siku mbili ili asomeke vizuri asubuhi ya kliniki, na kweli anasomeka vizuri. Kipimo cha HbA1c, kinachohesabu sukari ya miezi miwili mitatu, kingemuumbua. Presha yake imeandikwa kwenye daftari, lakini jengo la macho lina faili lake. Protini kwenye mkojo, ambayo ni dalili kwamba mishipa midogo ya figo imeanza kuvuja kama ile ya jicho, haijapimwa na yeyote. Na bado, matone ya kupanua mboni yakishatiwa, mgonjwa huketi kwenye benchi kama dakika ishirini akisubiri yafanye kazi. Muda huo unatosha kumpima presha mara mbili na kuchovya kijiti kwenye mkojo.