Nyimbo Zinazopanda Bijombo kwa Miguu

Nimesoma kwamba Spotify ilifungua milango Kongo mwaka 2021. Kwetu Bijombo, kwenye nyanda za juu za Uvira, tunaisikia kwa jina tu. Huko muziki umezoea kupanda mlima mfukoni mwa mtu.

Iliyotangulia ni redio. Bujumbura iko ng'ambo ya ziwa, na ukikaa juu vile mawimbi yanakuja yenyewe: Burundi, Dar es Salaam, na baadaye Radio Okapi iliyoanza Februari 2002. Kilichosumbua ni mawe, yaani betri. Yalinunuliwa Uvira, yakiisha nguvu yanaanikwa juani, yakigoma tena yanang'atwa kidogo. Ndiyo maana redio haikuachwa iimbe ovyo. Habari kwanza, kisha mahubiri, kisha rumba kama mawe bado yana pumzi.

Kaseti zilikuja na wachuuzi wa ng'ombe na wanafunzi wa likizo. Moja ilizunguka nyumba kwa nyumba hadi mwimbaji wa rumba Franco akasikika kama anaimba chini ya maji. Alifariki Oktoba 1989, lakini kwetu aliendelea kutoa nyimbo mpya miaka kadhaa, maana kaseti hazikuwa na haraka.

Leo ni memori kadi, na hapo ndipo ninapopatia chakula. Nina meza na kompyuta hapa Uvira. Mtu anashuka na viazi vyake sokoni, akiuza anakuja kwangu na kadi zake na za majirani, kila moja imefungwa kwenye kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Kadi ya gigabaiti 4 inabeba nyimbo kama elfu moja. Mama mmoja huniambia kila akija: "Mwanangu, weka unazotaka, ila ile ya kwaya yetu usinifutie." Akifika juu, programu ya Xender inamaliza kazi: simu inaipa simu, bila mega hata moja.

Kwa hiyo mimi nafungua wimbo mara moja, YouTube inahesabu msikilizaji mmoja, na kijiji kizima kinaucheza hadi Krismasi. Mwimbaji hapati hata faranga. Ukiangalia zile hesabu utadhani milimani hakuna anayesikiliza.

Kuna njia nyingine, ya kurudi. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi wa Kibanyamulenge, watu wa nyanda hizi zetu, waliuawa Gatumba, upande wa Burundi, na kuanzia 2007 wengi wa walionusurika walipelekwa Marekani. Huko intaneti si shida. Wimbo wa harusi uliorekodiwa kwa simu mlimani unashuka ndani ya kadi, unaenda Marekani kwa WhatsApp, mtu anaupandisha YouTube, kisha mimi naupakua kwa ajili ya mteja wa Bijombo ambaye huenda alikuwepo kwenye harusi hiyo.

Kinachopotea njiani ni jina. Wimbo unanifikia ukiitwa AUD na tarakimu za tarehe, basi. Kwaya gani, kijiji gani, nani alitunga, hakuna. Na vijiji vingine vimekimbiwa kwa vita tangu nyimbo zake zirekodiwe, watu wake wametawanyika. Basi ndugu zangu wa kwaya, kabla hamjaituma sauti, andikeni jina la wimbo, la kwaya, la kijiji na mwaka. Ni kazi ya dakika moja, na hailipiwi mega.