Upana, Mkia na Pezi: Umbo la Ubao wa Kutelezea Mawimbi, 1937–1981

Historia ya ubao wa kutelezea mawimbi husimuliwa mara nyingi kama historia ya pezi. Simulizi hiyo huficha swali lililotangulia: ubao uwe mpana zaidi wapi, na ukingo wake upungue vipi kuelekea mkiani?

Ushahidi ulio wazi unatoka Hawaii. Tom Blake alikwisha kufunga pezi chini ya ubao wake mwaka 1935, lakini wazo hilo halikuenea upesi. Mwaka 1937 John Kelly na Fran Heath walilikabili tatizo lilelile kwa shoka. Mbao za wakati huo zilikuwa na mkia mpana. Wimbi likiwa na mteremko mkali, mkia uliponyoka kando na kumwangusha mpandaji. Mkia wa ubao wa Heath ulipochongwa ukawa mwembamba, na tumbo lake likapewa umbo la V, ulizama kiasi na kushika maji bila pezi lolote. Faida hiyo ilikuwa na gharama, jambo ambalo wasifiaji wa ugunduzi huo hulipita haraka: mkia mwembamba huelea kidogo, hivyo ubao huzubaa katika mawimbi dhaifu na hugeuka kwa mzunguko mrefu.

Mbao za mawimbi makubwa zilizotumika Makaha miaka ya 1950 na, tangu 1957, Waimea, ziliirithi hoja hiyo pamoja na kukubali pezi. Upana mkubwa ulisogezwa mbele ya katikati ili mpandaji apige maji kwa mikono na kuliwahi wimbi; nyuma palibaki pembamba ili ubao utulie katika kasi.

Nchini Australia, Geoff McCoy alikwenda kinyume kabisa. Ubao wake ulioitwa Lazor Zap ulikuwa na ncha ya mbele iliyochongoka, na upana mkubwa nyuma ya katikati, karibu na mguu ambao mpandaji huukandamiza anapogeuka. Cheyne Horan, mpandaji anayehusishwa zaidi na umbo hilo, alikuwa wa pili duniani mara nne kati ya 1978 na 1982. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba umbo lilikosewa. Udhaifu ulikuwa katika kuushikiza mkia mpana kwa pezi moja.

Simon Anderson aliuacha mkia ukiwa mpana, akaufungia mapezi matatu yaliyolingana. Mwaka 1981 alishinda Bells katika mawimbi makubwa, na mwaka huohuo akashinda Pipeline, ambako ukuta wa maji husimama wima zaidi.