Mwene, Mwenye na Mwenyeji: Umiliki wa Ardhi na Ubaguzi Ufipa

Katika falme mbili za kale za Ufipa, Nkansi na Lyangalile, mtawala aliitwa Mwene. Neno hilo ni ndugu wa mwenye katika Kiswahili. Yote mawili yamechipuka katika shina moja la Kibantu. Katika shina hilohilo tumepata pia mwenyeji, yaani yule ampokeaye mgeni. Je, mwenye ardhi ana haki ya kumkataa amtakaye?

Wafipa wana simulizi linalogusa swali hili. Ntatakwa, mfalme wa kwanza wa Milansi, alikwenda kuwinda baada ya kumwonya mkewe juu ya wageni. Wakaja wanawake kutoka mbali. Mke akawakaribisha, na kiongozi wao akakikalia kigoda cha enzi. Ntatakwa aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kumtoka. Akabakiwa na Milansi tu. Roy Willis alilichambua simulizi hili katika kitabu chake cha mwaka 1981. Mimi nakiona kigoda kile kama hati: akikaliaye ndiye mwenye. Na waliokikalia walikuwa wageni, tena wanawake, watu ambao mila nyingi za ardhi nchini Tanzania zimewaweka pembeni.

Sheria ya kikoloni ya mwaka 1923 iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, mkulima akabaki na haki ya kuitumia. Msingi huo ulidumu baada ya uhuru, na ndio unaoiruhusu dola kumwekea mwenye shamba masharti. Mwaka 1990, jijini Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilipingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 20 kinabatilisha uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ardhi, iwe inashikwa na mtu mmoja au na jamii. Kwa hiyo hata baba asimamaye peke yake shambani hawezi kujitetea kwa kusema, "Ni mali yangu."

Sheria hiyo imetupa pia istilahi hakimiliki ya kimila. (Waandishi nao wanalitumia neno hakimiliki kwa vitabu vyao, tusichanganye.) Neno la pili lilikuwa likimfungia binti mlango. Leo, binti wa kijijini Sumbawanga akinyimwa shamba kwa jina la mila, anaweza kulipeleka shauri lake mbele ya baraza la ardhi la kijiji, ambalo kati ya wajumbe wake saba, watatu ni wanawake.