Pari ya mpira: soma tiketi yako mbele ya kutoa feza

Siku ya posho na siku ya Mungu, mjini Bunia, utakuta vijana wamesimama mbele ya kibanda cha pari, simu mkononi, wakichagua mechi. Kuna wamotari, wanafunzi, wauza duka, hata mababa wa familia. Wengi wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya wote, lakini hawajui vizuri tiketi yao inasema nini. Na ni pale feza ya kula inapotelea.

Hapa tunaeleza aina za pari zenye kuonekana zaidi. Mfano tunauchukua kwa Léopards ya Kongo, kwenye Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzo wa mwaka 2024, maana mechi zile watu wengi wanazikumbuka.

1X2

Namba 1 ni ekipe iliyoandikwa mbele, 2 ni ile ya pili, X ni sare. Ni rahisi, lakini iko na mtego: kwa kawaida inahesabu dakika 90 tu, pamoja na zile refa anazoongeza. Prolongasio na penalti hazimo. Tarehe 28 Januari 2024, Léopards waliondosha Misri: 1-1, kisha penalti 8-7, na kipa Lionel Mpasi ndiye alifunga ile ya mwisho. Kongo ilishangilia. Lakini mwenye kuandika ushindi wa Léopards kwa 1X2 alipoteza, maana X ndiyo ilipita. Kama ulifikiri tu kwamba Kongo itaendelea, kuna pari ingine ya kusema ekipe gani itavuka.

Nafasi mbili (double chance)

Unachagua matokeo mawili kwa mara moja, kwa mfano Léopards kushinda ao sare. Siku ya Misri tiketi hiyo ilipita. Lakini inalipa kidogo, na haikingi kila kitu: kwenye nusu fainali Côte d'Ivoire ilishinda 1-0, tiketi ikaanguka.

Hesabu ya mabao

"Zaidi ya 2,5" maana yake mabao 3 ao kupita, ya ekipe zote mbili pamoja. "Chini ya 2,5" ni mabao 2 ao kupunguka. Kongo na Guinea, 3-1, ilikuwa zaidi. Kongo na Misri, 1-1, ilikuwa chini. Iko pia pari ya kusema ekipe zote mbili zitafunga: mechi hizi mbili zote zilijibu ndiyo.

Handikapu

Ekipe moja inaanza na deni. Ukiipa Kongo deni la bao 1 mbele ya Guinea, 3-1 inahesabiwa 2-1, unapata. Ukiipa deni la mabao 2, inakuwa 1-1: ushindi uliouandika haupo tena.

Skori kamili

Unataja matokeo yenyewe, kama 3-1. Inalipa sana sababu inapita mara chache sana.

Tiketi ya kuunganisha (combiné)

Ndiyo vijana wanapenda zaidi. Unaunganisha mechi nyingi, na namba zao zinazidishwa. Mechi tano zenye koti ya 1,50 kila moja zinafanya karibu 7,59: franka 1000 inaweza kuleta franka 7590. Lakini moja ikianguka, yote imeanguka. Hata kama kila mechi ina nafasi mbili kwa tatu ya kupita, zote tano zitapita pamoja kama mara 13 tu kwa 100.

Koti inaficha nini?

Koti si nguo: ni ile *cote*, namba inayozidishwa na feza yako ukipata. Tuseme 1 iko 1,80, X iko 3,40, na 2 iko 4,50. Ili upate franka 1000 kwa matokeo yoyote, utaweka 556, 294 na 222. Jumla ni 1072. Umetoa 1072 ili urudishiwe 1000. Zile 72 ni faida ya nyumba, na ziko ndani ya kila mechi. Kwenye combiné zinaongezeka kwa kila mechi unayoongeza. Ndiyo sababu mtu anaweza kupata leo na kesho, lakini mwisho wa mwaka kibanda ndicho kinabaki na feza.

Basi, ndugu msomaji, mbele ya kulipa jiulize maswali matatu: Pari hii inahesabu dakika ngapi? Mechi ngapi zinapaswa kupita ili nipate? Na feza hii ikipotea leo, nyumbani watakula nini? Kama jibu la tatu linakusumbua, weka feza mfukoni na uangalie mechi bure. Na ukisha kupoteza, usikope ili urudishe: deni lile halina prolongasio.

Watoto wenye chini ya miaka 18 wasitumwe kibandani, hata kwa tiketi ya mkubwa.