Miaka 90 ya Société Jules Verne: Wasomaji Waliomrudishia Mwandishi Maneno Yake

Mwaka 2025 Société Jules Verne, chama cha wapenzi wa vitabu vya Jules Verne kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1935, kilitimiza miaka 90. Vyama vya kuwaenzi waandishi ni vingi, na kazi ya vingi ni kuweka mashada kaburini na kukutana mezani mara moja kwa mwaka. Hiki kilikwenda mbali zaidi. Wanachama wake walithibitisha kwamba baadhi ya vitabu walivyovipenda tangu utotoni havikuwa kama mwandishi wao alivyoviandika, na hawakulificha jambo hilo.

Verne alizaliwa Nantes tarehe 8 Februari 1828. Baba yake, mwanasheria, alitaka kijana airithi ofisi. Kijana akaenda Paris kusomea sheria, akanaswa na tamthilia, kisha akapata riziki yake kwenye soko la hisa huku akiandika. Riwaya iliyomtoa ni ile ya wiki tano angani ndani ya puto, iliyochapishwa na Pierre-Jules Hetzel tarehe 31 Januari 1863. Safari hiyo inaanzia Zanzibar. Dakta Fergusson na wenzake wawili wanapaa kutoka kisiwa kidogo ambacho Verne anakiita Koumbeni, baada ya wenyeji kupinga wakiamini chombo hicho kitaliudhi jua na mwezi. Wanapita juu ya Uzaramo na kutua Kazeh, yaani Tabora, ambako puto linadhaniwa kuwa ndilo mwezi wenyewe na wasafiri wanapokewa kama wana wa mwezi, mpaka mwezi wa kweli unapochomoza na wao kulazimika kukimbia. Verne hakufika kamwe pwani yetu. Habari alizipata kwa wasafiri kama Burton na Speke, pamoja na dharau yao kwa Waafrika, na msomaji wa leo wa Tabora ana haki ya kukunja uso.

Baada ya hapo zilifuata Safari za Ajabu nyinginezo: kwenda kitovu cha dunia, kwenda mwezini, chini ya bahari na Kapteni Nemo, kuizunguka dunia kwa siku 80. Ukihesabu na zilizotoka baada ya kifo chake, riwaya zinapita 60. Alifariki Amiens tarehe 24 Machi 1905.

Chama kilipozaliwa, miaka 30 baada ya kifo hicho, wasomi walimhesabu Verne kuwa mwandishi wa watoto, wa kutolewa zawadi shuleni na kusahauliwa. Wapenzi wake hawakuwa Wafaransa peke yao: pamoja na Jean Guermonprez walikuwamo Mholanzi Cornelis Helling na Mwitaliano Edmondo Marcucci. Novemba 1935 walitoa toleo la kwanza la jarida lao, Bulletin de la Société Jules Verne. Matoleo 13 yalitoka hadi mwaka 1938, kisha vita ikaja na jarida likanyamaza kwa karibu miaka 30.

Lilifufuka mwaka 1967. Chini ya Joseph Laissus, na baadaye daktari Olivier Dumas aliyekiongoza chama kwa miongo kadhaa, jarida likawa mahali pa kupekua mambo madogomadogo: tarehe ya barua, jina la meli, sentensi iliyomo katika chapa moja na kukosekana katika nyingine. Mambo hayo yalikuja kuwa makubwa.

Mfano mmoja ni kisa ambacho karibu kila mtu alikijua. Mwaka 1928 jamaa ya Verne, Marguerite Allotte de la Fuÿe, alichapisha wasifu uliosimulia jinsi Jules, akiwa na umri wa miaka 11, alivyojificha ndani ya meli ya kwenda India ili amletee binamu yake mkufu wa marijani. Baba akamkamata njiani, na mtoto akaapa kusafiri ndotoni tu. Kisa kitamu, na kilinakiliwa katika wasifu mmoja baada ya mwingine. Watafiti wa chama walipotafuta ushahidi hawakuupata, wakakiweka kwenye kapu la hadithi za ukoo. Walianza hivyo kutenganisha mtu na ngano zake.

Lakini kazi iliyowajengea heshima ilihusu vitabu vyenyewe. Verne alipofariki aliacha miswada ya riwaya kadhaa, na mwanawe Michel akaishughulikia ili ichapishwe. Kwa miaka mingi wasomaji walidhani alisahihisha nukta na mikato tu. Ndipo Piero Gondolo della Riva, mkusanyaji kutoka Turin, alipopata nakala za maandishi ya awali katika nyaraka za warithi wa Hetzel. Mwaka 1978 alitangaza alichokiona: Michel alikuwa ameongeza sura, ameingiza wahusika wapya na kubadili miisho.

Tazama riwaya ya Wilhelm Storitz, mtu mwenye siri ya kutoonekana. Kwa hasira ya kukataliwa posa, anamfanya Myra, bibi harusi, asionekane. Katika kitabu cha mwaka 1910 Myra anajifungua mtoto na umbo lake linarudi, kila mtu anafurahi. Katika mswada wa Verne harudi. Anaishi na mumewe nyumbani, sauti yake inasikika, mkono wake unagusika, lakini uso wake hakuna atakayeuona tena. Isitoshe, katika kitabu kile cha 1910 kisa chote kilirudishwa nyuma kutoka karne ya 19 hadi ya 18. Katika riwaya ya kimondo cha dhahabu, Zéphyrin Xirdal, mwanasayansi mchekeshaji aliyependwa na wasomaji wengi, ni mtu wa Michel tangu kichwa hadi unyayo.

Mwaka 1981 jiji la Nantes liliinunua miswada kutoka kwa ukoo wa Verne. Kuanzia 1985 hadi 1989 chama, kwa uhariri wa Dumas, kikachapisha riwaya tano kama zilivyoachwa na mwandishi, moja kila mwaka, kwa nakala chache. Hayakukosekana mabishano. Wapo waliomtetea Michel, wakisema alikuwa mshirika wa baba yake na mara nyingine alikuwa na mkono mwepesi zaidi. Hoja hiyo ina uzito, ila isingewezekana hata kuijadili kabla maandishi mawili hayajawekwa meza moja.

Barua nazo zikafuata. Dumas, Gondolo della Riva na Mjerumani Volker Dehs walitoa Geneva, kati ya 1999 na 2002, majalada matatu ya barua za Verne na Hetzel. Humo unamwona mchapishaji akidai mabadiliko na mwandishi akikubali hapa, akigoma pale. Kwa hiyo mkono wa pili katika vitabu vya Verne ulikuwapo hata alipokuwa hai.

Wakati huo heshima ilikuwa imeanza kurudi. Waandishi Michel Butor na Roland Barthes walikuwa wameshaandika juu yake, na mwaka 2012 Verne aliingia katika Bibliothèque de la Pléiade, mfululizo ambao Wafaransa huwawekea waandishi wao wakubwa. Orodha ya UNESCO ya tafsiri inamtaja wa pili duniani, nyuma ya Agatha Christie. Mwaka 1993 wapenzi wa Verne wa Marekani na Kanada nao waliunda chama chao.

Riwaya zile tano baadaye ziliingia katika matoleo ya bei nafuu, na sasa mtu yeyote asomaye Kifaransa anaweza kumsoma Myra anayerudi na Myra asiyerudi, akaamua mwenyewe yupi anamwamini. Uhuru huo ameupata kwa jasho la wasomaji wenzake.