Paka wa Sultani na Paka wa Newala

Likizo iliyopita nilikwenda Newala kumjulia hali dada yangu. Kabla sijanawa vumbi la safari, akanieleza shauri lililokuwa likimsumbua kwa majuma kadhaa. Paka shume mmoja, asiye na mwenyewe, alikuwa amezaa watoto watano nyuma ya magunia ya makopa ghalani mwake. Majirani walikuwa wamegawanyika. Kundi moja lilitaka watoto hao watiwe ndani ya gunia, wakatupwe kwenye mteremko upande wa Shimo la Mungu. Kundi la pili lilishikilia kwamba kumdhuru paka ni kujitakia nuksi, hivyo waachwe kama walivyo. Wachache wakashauri walishwe mpaka wawazoee watu.

Dada alikuwa akinisubiri mimi. Kwetu Wamakonde ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na neno la mjomba katika nyumba ya dada yake bado lina uzito, hata kama mjomba mwenyewe ni mtu wa chaki na vitabu anayeishi mbali. Nilicheka. Nikasema, "Dada, hilo tutalizungumza kesho."

Kesho yake asubuhi mpwa wangu mwenye umri wa miaka 9 aliingia ghalani kutazama watoto wa paka. Mama yao akamrukia na kumuuma kiganjani.

Ndugu msomaji, kicheko kiliniisha. Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao, paka pia huugua na kuambukiza. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama wataalamu wanavyoelekeza, tukamkimbiza mtoto kwenye kituo cha afya. Chanjo haikuwapo. Tukapanda gari kuteremka kutoka kwenye uwanda wa juu kwenda Masasi kuitafuta, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, mimi nikiwa kiti cha mbele nikilitafakari lile neno langu la "kesho".

Safari hiyo ilinikumbusha mtu aliyeiona Masasi zaidi ya miaka 140 iliyopita. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Lindi kwa miguu akiongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, waliokuwa wakiishi Zanzibar, akaanzisha nao makazi chini ya milima ya mawe ya Masasi. Lakini Steere alikuwa pia mwanafunzi wa Kiswahili. Miaka sita kabla ya safari hiyo, mwaka 1870, alikuwa amechapisha mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni, na mhusika wake mkuu ni paka.

Wengi wetu tuliisikia kwa bibi zetu. Paka wa sultani alianza kwa kumla ndama. Watu walipokwenda kushtaki, sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi wamwache. Paka akaendelea na mifugo mingine, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Mwisho akawala watu, akahamia porini, akawa Nunda. Siku alipowashambulia watoto wa sultani mwenyewe ndipo baba yao alipokiri kwamba huyo si paka tena.

Sisi tunaoandika kuhusu siasa tunapenda kuishia hapo, kwa sababu sehemu hiyo inawasuta watawala. Mimi naona sehemu ya pili ina uzito uleule. Mwana wa mwisho wa sultani aliondoka kwenda kumuua Nunda, lakini hakumjua Nunda alivyo. Akamuua mbwa, akampelekea mama yake, akaambiwa siye. Akamuua ngawa, siye. Aliendelea hivyo mpaka akafikia tembo. Wanyama wengi wasio na hatia walikufa kabla ya mkosaji kupatikana. Kwa hiyo hadithi ina makosa mawili, na la pili ni mtoto wa la kwanza. Anayepuuza jambo likiwa dogo huja kulikabili kwa hofu likiwa kubwa, na mwenye hofu hachagui wa kumpiga.

Nililiona kosa hilo la pili kwa macho yangu. Kabla hatujaondoka Newala, vijana wawili walikuwa wamekwisha kushika marungu wamuue mama paka. Aliyewazuia ni mtaalamu wa mifugo, na hakuwazuia kwa huruma peke yake. Mbwa au paka aliyemuuma mtu hufuatiliwa kwa siku 10. Akibaki hai na mwenye afya, hiyo ni dalili kwamba hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyouma. Vijana wale wangemuua shahidi wetu.

Wala hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Katika muongo uliopita mikoa ya kusini, Mtwara na Lindi ikiwamo, ilifanyiwa kampeni kubwa za kuchanja mbwa kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Afya Duniani. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo huku kwetu walibaini kwamba mbweha wa porini nao wana sehemu kubwa katika kuusambaza. Kwa hiyo anayewatupa paka mteremkoni akidhani amemaliza kazi, amewapeleka karibu zaidi na hatari, na wengine wao watarudi usiku kutafuta panya na majalala yetu.

Paka shume tumemtengeneza wenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye mabwana wa lugha humwita kimburu. Alisogea karibu na binadamu kwa sababu binadamu alianza kuhifadhi nafaka, na nafaka ilileta panya. Huko Kipro limechimbuliwa kaburi la takriban miaka 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Ghala la dada yangu ni mwendelezo wa mapatano hayo ya kale.

Na mapatano hayo huvunjika watu wanapohama. Historia ya Masasi na Newala ni historia ya kuhama. Mwaka 1882 Wamagwangwara walipoivamia Masasi, misheni ilihamia Newala kwa Matola, chifu wa Wayao. Mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto katika Vita vya Majimaji. Katika miaka ya 1970 watu waliondolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Marehemu mama yangu alikuwa akisimulia kwamba siku walipohama walibeba kuku, vyungu na milango, lakini paka alikataa kukamatwa. Miezi kadhaa baadaye alirudi kwenye mahame kuchuma maembe, akamwona yule paka juu ya ukuta uliobomoka. Alimwita kwa jina. Paka akamtazama, kisha akaingia vichakani. Mama aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na sikumbuki akiimalizia kwa kicheko.

Masasi tulipata chanjo, katika kituo cha pili tulichokwenda. Tuliporudi Newala nililitoa neno nililopaswa kulitoa siku ya kwanza. Mama paka asiguswe mpaka siku 10 zitimie. Ghala lifungwe, watoto wa nyumba wasiingie. Watoto wa paka washikwe na mtu mzima mwenye glavu nene, wazoeshwe mikono ya watu, kwa sababu paka huzoea kwa wepesi akiwa na umri wa kati ya juma la pili na la saba hivi. Hawa walikuwa wanakaribia juma la sita. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na siku nilizotaka kuzipoteza kwa "kesho" zilikuwa ndizo siku zenyewe.

Mmoja alikufa. Wawili walichukuliwa na majirani wenye maghala, akiwamo mmoja wa wale waliotaka gunia. Wawili wamebaki kwa dada, nao watachanjwa wakifikia umri. Siku ya 11 dada alinipigia simu: "Kaka, mama yao yupo juu ya ukuta, anajilamba." Mpwa wangu aliendelea na sindano zake mpaka akazimaliza. Mama paka hatujaweza kumfunga kizazi, kwa kuwa upasuaji huo unahitaji daktari wa mifugo mwenye vifaa, na huyo yuko mbali. Asipofungwa kizazi, mwakani tutarudi palepale.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ni sheria njema. Lakini sheria inayokataza ukatili bila huduma ya kuchanja na kufunga kizazi wilayani humwachia mwananchi gunia na rungu. Sifananishi watu na paka, ila nimeona tabia moja katika ofisi zetu na katika nyumba zetu: jambo dogo tunaliahirisha, likikua tunalihamishia kwa wengine, likirudi tunamwadhibu wa kwanza kuonekana. Sultani Majinuni hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa kusema "mwacheni". Mimi, mwenye shahada tatu, nilisema "kesho", na mtoto wa dada yangu ana kovu kiganjani.